‘Usiguse kitu, njoo’: Mama anayezitafuta picha zilizofutwa

Saa mbili na nusu asubuhi, ngazi za jengo hili bado hazijakauka maji ya deki. Chini ya ngazi hizo, mahali ambapo mtu mrefu hawezi kusimama bila kugonga kichwa, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu ameketi mbele ya kompyuta kuukuu.

Mkononi ana kadi ya kamera, kitu kidogo kama stempu ya barua. Kabla ya lolote, anatafuta kitufe kilicho ubavuni mwa kadi hiyo na kukisukuma chini kwa ukucha wa kidole gumba.

“Nimeifunga,” anasema. “Sasa hata mimi mwenyewe siwezi kuiharibu.”

Ukutani, juu ya kichwa chake, kuna kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene: UMEFUTA PICHA? USIGUSE KITU. NJOO. Ndiyo maana jengo zima, kuanzia mshona nguo wa ghorofa ya pili hadi wauza madaftari wa mbele, linamwita Mama Usiguse.

“Mlinzi ndiye aliyenibatiza,” anasema.

Mlinzi, ambaye kiti chake cha mbao hulia kila anapojigeuza, hakatai. “Nimesema uongo? Juzi kaja bwana mmoja na kamera shingoni. Salamu hajamaliza, mama keshamkemea: ‘Zima! Zima hiyo kamera!’ Yule bwana kainua mikono juu kama amekamatwa.”

Mama Usiguse anacheka kidogo, kisha uso unarudi ulivyokuwa. Kazi yake haina vicheko vingi. Anayeshuka hapa ameshapoteza kitu.

Programu anayotumia ni nyepesi na ni ya bure. Ina vitufe vitatu tu: cha kuchagua kadi, cha kutafuta na cha kuhifadhi. Anasema hata mtu asiyejua kompyuta anaweza kuitumia, na kwamba hatari yake iko hapo hapo.

“Kadi ni kama nyumba ya wageni,” anaeleza. “Ukifuta picha, umefuta jina tu kwenye daftari la mapokezi. Mgeni mwenyewe bado yumo chumbani, amelala. Programu inapita mlango kwa mlango ikigonga. Lakini ukipiga picha mpya, umempangisha mtu mwingine chumba kile kile. Hapo ndipo yule wa kwanza anapotolewa nje kweli.”

Kadi aliyoifunga asubuhi hii ni ya fundi seremala mmoja, mwanamume mrefu wa miaka arobaini na kitu. Vumbi la mbao halimtoki masikioni hata siku ambayo hajashika randa. Amekuja na binti yake wa miaka kumi. Baba ameinama ili aketi kwenye kigoda. Binti amesimama ukutani, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

“Kamera imechanganyikiwa, mama,” fundi anaanza. “Nimeiwasha nitazame picha za mke wangu, nimekuta milango.”

“Milango?”

“Milango, ndoo, ukuta wa jikoni. Picha za marehemu hakuna hata moja.”

Mkewe amefariki miezi minane iliyopita, baada ya kuugua miaka mitatu. Picha zao zote walizopiga tangu waoane zilikuwa kwenye kadi hii. Zilikuwa mia mbili na kumi na nne.

“Hamkuchapisha hata moja?”

“Tulisema tutachapisha. Kila mwaka tulisema.” Fundi anajifuta uso kwa kiganja. “Iliyobaki ni ile ya kitambulisho. Amekunja uso kama anamgombeza mpigapicha. Mke wangu hakuwa hivyo. Alikuwa mtu wa kucheka mpaka majirani wanauliza kuna nini. Ile sura ya kucheka, mama, imeanza kunipotea. Nikifumba macho namwona wa kitandani tu.”

Hicho ndicho alichokuja kukitafuta: sura ya mke wake kabla hajaugua.

Mama Usiguse anauliza swali analomuuliza kila mtu. “Baada ya hapo, kuna aliyepiga picha nyingine kwa kadi hii?”

“Nani apige? Mimi hata kuiwasha ni mtihani. Marehemu alikuwa ananiwashia, ananielekezea, mimi nabonyeza tu.”

Swali hilo, anasema mama, hujibiwa kwa uongo mara nyingi kuliko maswali ya daktari. Watu huona haya. “Anakuapia hajagusa kitu, ukifungua unakuta amepiga sherehe nzima juu yake. Programu haina haya. Inasema kila kitu.”

Lakini fundi hadanganyi, na mama analiona hilo. Anafungua zile picha za milango, moja baada ya nyingine. Zimepigwa kwa haraka, nyingine zimetikisika. Katika kila moja kitasa cha mlango kiko juu ya jicho la aliyepiga. Meza inaonekana kwa chini, mpaka misumari yake. Ndoo imesimama kama pipa.

Fundi, anayepima milango kila siku ya maisha yake, ametazama picha hizo wiki nzima bila kugundua jambo hilo. Mama Usiguse, aliyebeba kamera miaka kumi na tisa, amegundua kwenye picha ya tatu. Anageuka na kumtazama binti. Binti anatazama sakafu.

“Fundi,” anasema mama taratibu, “hii kazi itachukua saa nzima. Kile kiti cha mlinzi kinatupigia kelele tangu mwaka juzi. Hebu kamtazamie.”

“Sasa hivi?”

“Sasa hivi. Hapa utanitia wasiwasi bure.”

Fundi anatoka shingo upande, akiwa ameinamisha kichwa kukwepa ngazi. Mama anabonyeza kitufe cha kutafuta. Mstari wa kijani unaanza kutambaa kwenye skrini, polepole kama mtu anayepanda mlima na mzigo.

“Njoo ukae, mwanangu,” anasema. “Ulipiga ngapi?”

“Tisini na saba.”

“Kwa nini?”

Jibu linatoka vipande vipande. Alitaka kufuta picha moja tu. Ilikuwa picha yake mwenyewe, amenuna, midomo imemtoka mbele, na binamu zake walikuwa wakimcheka kila wakiiona. Kamera ikamuuliza: hii au zote? Hakusoma vizuri. Akabonyeza. Skrini ikawa nyeusi, na pale pembeni ambapo huandikwa idadi ya picha, pakawa na sifuri.

“Baba huwa anaangalia ile namba,” anasema. “Hafungui kila siku, anaangalia namba tu. Anasema, ‘Mama yako yupo, mia mbili kumi na nne.’ Mimi nikaona nipige mpaka ifike mia mbili kumi na nne tena. Ili asijue.”

“Ukaishia tisini na saba.”

“Betri iliisha.”

Mama Usiguse anautazama mstari wa kijani. Hewa ya chini ya ngazi inanuka vumbi lililopashwa moto na kompyuta. Juu, nyayo za wapita njia zinashuka na kupanda, na kila hatua inaliza mbao.

Anajua tayari kilichotokea. Kadi hii huanza kupangisha kutoka chumba cha kwanza. Picha tisini na saba za milango na ndoo zimeingia kwenye vyumba tisini na saba vya mwanzo, na wageni wa mwanzo ndio wa zamani zaidi: nyumba mpya, mimba, mtoto mchanga, mama anayecheka.

“Hiyo betri mbovu,” anamwambia binti hatimaye, “ndiyo iliyokuokolea waliobaki. Ingekuwa nzima, leo tungekuwa na milango mitupu.”

Binti anaanza kulia bila sauti. “Utamwambia baba?”

“Mimi? Mimi nitakwambia yangu kwanza.”

Mama Usiguse alianza kupiga picha akiwa msichana. Alipiga harusi, mahafali, watoto wa shule waliopangwa kwa urefu. Siku nzuri alirudi nyumbani na oda za familia tano. Kisha kila mfuko ukawa na simu yenye kamera, na kazi ikakauka.

Kwenye miaka hiyo ya kukauka, mama yake mzazi aliugua. Alimpiga picha kila alipomtembelea, akiziweka kwenye kadi ile ile ya kazi. Siku chache baada ya mazishi, akisafisha kadi ili akapige harusi, alifuta kila kitu. Mikono ilizoea, anasema. Kichwa hakikuwepo.

“Nikahangaika nikaipata hii programu. Nikatafuta usiku na mchana. Ikazikuta zote, mwanangu. Mia moja na arobaini, hata moja haikukosekana. Nikamwona mama pale kwenye skrini, picha ndogo ndogo, zimejipanga. Programu ikaniuliza: nihifadhi wapi? Sikuwa na mahali pengine. Nikaijibu: hapo hapo kwenye kadi.”

Binti ametoa macho. Ameshaelewa habari ya nyumba ya wageni.

“Ndiyo. Nilikuwa nikimtoa mgeni mlango huu na kumrudisha mlango ule, juu ya mwenzake aliyelala. Kila picha niliyoiokoa iliua nyingine. Nilipomaliza nilibaki na kumi na tisa, na mama yangu hakuwemo hata kwenye moja. Nilimfuta mama yangu mara mbili. Ya kwanza kwa bahati mbaya. Ya pili nilikuwa namwokoa.”

Tangu siku hiyo hahifadhi kitu juu ya kadi ya mteja. Ana diski ya pembeni, ameifunga kwa kitambaa cha kanga ya marehemu mama yake, na kila kinachookolewa huenda huko kwanza. Kitufe cha kadi hukifunga kabla ya kuvuta kiti.

“Nilikaa miaka minne bila kuwaambia ndugu zangu,” anamwambia binti. “Walijua picha zipo, siku moja nitawapa. Kila sikukuu ya familia nilikuwa na homa. Miaka minne ya kuumwa uongo, unafikiri mchezo? Kusema kulinichukua dakika mbili. Dada yangu alinitukana, kisha akanipikia. Ungesema leo, leo hii ingeisha. Lakini sikulazimishi.”

Mstari wa kijani unafika mwisho.

Programu imeona picha mia moja na kumi na saba. Mia na saba zinafunguka vizuri. Tisa zimefunguka nusu: juu kuna bega, dirisha, kipande cha paji la uso, na chini ni kijivu kitupu. Moja haifunguki kabisa. Ni ile iliyokuwa mpakani, ambayo mlango wa mwisho uliopigwa na binti umekula mwanzo wake na kuacha mwili.

Na zote mia na saba ni za miaka ya ugonjwa.

“Huwa hivyo,” mama anasema. “Mtu akianza kuumwa ndipo watu wanapoikumbuka kamera.”

Fundi anarudi. Kiti cha mlinzi hakilii tena, na kutoka mlangoni mlinzi anasikika akimshukuru kwa sauti ya mtu aliyepewa kiti cha enzi. Fundi anatabasamu, tabasamu la kwanza tangu aje. Anaketi. “Haya mama. Umempata?”

Mama Usiguse hajageuza skrini bado. Hiyo ndiyo desturi yake: skrini hutazama ukuta mpaka mwenye picha awe ameketi na kuambiwa atakachokiona. Anafungua mdomo aanze. Kabla hajatoa neno, binti anasema.

“Baba, kamera haikuchanganyikiwa. Ni mimi.”

Anayasema yote akiwa amesimama wima, haraka, kama shairi la shuleni asije akalisahau. Picha moja, zote, sifuri, namba, milango, betri. Fundi anamsikiliza mdomo wazi.

“Kwa hiyo zile za mwanzo?” anamuuliza mama.

“Hazipo, fundi. Nimepata za miaka mitatu ya mwisho.”

“Hata ile ya kwenye nyumba mpya? Ameshika funguo?”

“Haipo.”

Fundi anasimama ghafla, na kichwa chake kinagonga ngazi kwa kishindo ambacho kinamfanya mlinzi aulize kuna nini. Anakaa chini tena, ameshika kichwa kwa mikono yote miwili, na machozi yanamtoka. Hakuna anayeweza kujua kama ni ya kichwa. Hakuna anayeuliza.

Kisha mkono mmoja unatoka kichwani na kumvuta binti kwa bega, bila kumtazama, mpaka anamgusa ubavuni.

“Ulinificha wiki nzima,” anasema kwa sauti nzito. “Ulikuwa unalala kweli?”

“Hapana, baba.”

“Mimi pia silali. Tungekesha wote basi, mjinga wewe.”

Mama Usiguse anageuza skrini.

Fundi anatazama picha kumi, kumi na tano, kisha anageuza uso. Mwanamke wa kwenye skrini amekonda, amefunga kitambaa kichwani, mifupa ya mabega imechomoza chini ya gauni. “Huyu ndiye ninayemwona nikifumba macho,” anasema. “Huyu sikumpoteza, mama. Nilikuja kumtafuta yule mwingine.”

Lakini binti amesogea mpaka pua inakaribia kugusa kioo. Alikuwa na miaka sita na nusu mama yake alipoanza kuugua. Yule wa funguo na vicheko anamjua zaidi kwa kusimuliwa.

“Huyu ndiye mama,” anasema, kana kwamba kuna mtu amebisha. “Hapa alikuwa ananifundisha kufunga kamba za viatu. Hapa alikuwa amekasirika kwa sababu ulimwaga dawa, baba. Hapa—”

Picha ya sabini na mbili ni ile aliyotaka kuifuta. Yeye amekaa sakafuni, amenuna, midomo mbele. Nyuma yake mama yake ameketi ukingoni mwa kitanda, kitana mkononi, anamchana nywele. Binti hakuwahi kuangalia sehemu ile ya picha, alikuwa akiangalia midomo yake tu. Mama yake, amekonda vile vile na kitambaa kile kile, anacheka. Kichwa kimeangukia nyuma, meno yote nje.

Fundi amegeuka. Anaitazama kwa muda mrefu.

“Alikuwa anakucheka wewe,” anasema. “Nakumbuka. Alisema midomo hiyo umeirithi kwangu.”

“Nichapishe hii?” Mama Usiguse anauliza.

“Hii,” wanajibu wote wawili.

Kwa kazi hiyo ya asubuhi nzima, Mama Usiguse hutoza kiasi cha kununua mikate mitatu na paketi ya majani ya chai. Picha zisiporudi hatozi kitu. Zamani alipokea kadi nane kwa siku. Siku hizi akipata tatu kwa wiki anashukuru, maana watu wanaweka picha zao kwenye simu, na simu ikipotea imepotea na vyote. Kuna wiki nzima anakuja na kuondoka bila kufungua diski.

Mwenye jengo ameshamwambia kwamba mwisho wa mwaka nafasi hii itakuwa stoo ya mafagio na ndoo. “Ndoo tena,” anasema, akimtupia binti jicho. Kwa mara ya kwanza binti anacheka, kidogo, kisha anaona haya kwamba amecheka.

Mpango wake ni kuhamishia kompyuta chumbani kwake, karibu na kitanda. Kuna kazi hajaimaliza. Kwenye ile diski iliyofungwa kitambaa kuna folda ameipa jina Chumba cha Kusubiri. Humo ameweka kila picha iliyokataa kufunguka tangu aanze kazi hii, elfu moja na mia tatu na zaidi, kila moja na namba ya simu ya mwenyewe. Kila inapotoka programu mpya anazipitisha upya, zote. Mwaka jana zilifunguka sita. Aliwapigia simu watu sita. Wawili walikuwa wameshahama namba.

“Watu wanasema napoteza muda. Labda. Lakini mimi najua mtu akisubiri picha anasubirije,” anasema. “Zangu mia moja na ishirini na moja za mama nimeshaacha kuzitafuta. Hizo nilizipangishia watu mwenyewe. Za watu wengine sijaacha.”

Anaingiza humo zile tisa za kijivu, kisha ile moja ya mpakani. Anamwonyesha fundi tarehe ambayo imenusurika ndani yake. Fundi anaisoma mara mbili, akihesabu miezi kwa vidole vyenye makovu ya patasi.

“Hii ni kabla,” anasema. “Wiki mbili kabla hatujaenda hospitali mara ya kwanza. Bado alikuwa mzima.”

“Sikuahidi kitu, fundi.”

“Najua.”

“Inaweza kuwa mlango tu. Inaweza kuwa kidole chako.”

“Najua, mama. Wewe iweke.”

Mama Usiguse anaichomoa kadi kwenye kompyuta. Anakagua kitufe cha ubavuni kwa ukucha, kama kweli bado kimefungwa, kisha badala ya kumpa baba anamwekea binti kiganjani na kumkunja vidole.

“Diski ninayo mimi, kadi utaitunza wewe,” anamwambia. “Huyu wa mpakani nitakuwa nikimgongea kila mwezi. Akifungua mlango nitakupigia. Mpaka siku hiyo, unajua la kufanya?”

“Nisiguse,” anasema binti.

“Usiguse kitu,” anasema mama, na kuvuta kiti mbele ya skrini.